Paja la Deo na Rubisi Yangu

Izigo, Jumamosi, 1971

Nimecheka hadi kifua kikauma, na kifua chenyewe ni kigonjwa, hakijabakiwa na siku nyingi.

Deo, mwalimu jirani yangu, alirudi tena akichechemea kutoka uwanjani. Msuli uleule wa nyuma ya paja, mara ya nne. Akasema anaacha mpira. Mimi, mganga mstaafu, nikaubonyeza, nikakiri:

"Kila Ijumaa unanikanyagia ndizi za pombe yangu ya rubisi, Jumamosi unakimbia na msuli uliochoka. Nilijua tangu mara ya pili."

"Tata! Baba yangu, ukanyamaza?"

"Rubisi unayokanyaga wewe ni tamu mno."

Akaangua kicheko. "Basi utakufa na kiu, mzee!"

Na nife nayo! Nimemwandikia mapumziko ya mwezi mzima, bila mpira wala kukanyaga ndizi. Mungu naye aniandikie huo mwezi, nimwone akikimbia.