Waliokuja Kuniona Bustani ya Khusro

Jumatatu, 4 Novemba
Kutwa juu ya jukwaa, nasafisha michoro ya kale ndani ya kaburi la Nisar, dada yake Mwanamfalme Khusro. Pamba, maji, brashi. Ua moja jekundu limetoka kwenye masizi — zuri! Alijijengea mwenyewe jumba lote hili, na mwenyewe hakuzikwa humo. Shingo inaniuma.

Jioni Baba kasema wachumba wanakuja kuniona Jumapili. Wa tano hawa. Nimemwambia waje bustanini, kazini kwangu. Nimechoka kuchunguliwa na majirani.

Jumapili, 10 Novemba
Wamekuja. Mehtab, karani wa benki, na mama yake, Bi Kishwar. Mdogo wangu Gulnaz kaleta kebabu na mapera. Tukakaa nyasini.

Bi Kishwar alishika viganja vyangu, akavigeuza. "Mwanangu, mbona kama vya mwashi?" Chokaa, mama, nikamwambia. Kisha eti nimchumie pera kwenye mti ule wa ukutani. Kapu zima liko mbele yake! Alitaka kuona kama nachechemea. Nikaenda. Niliporudi, Mehtab alikuwa anacheka na Gulnaz. Mimi hakuniuliza hata jina.

Jumatano, 13 Novemba
Jibu limekuja. Wanamtaka Gulnaz.

Baba alisema alhamdulillahi kwenye simu kabla hajakumbuka kunitazama. Halafu: "Angalau mmoja, binti yangu." Angalau!

Alhamisi, 14 Novemba
Gulnaz kanijia analia. Eti, "Dada, ukisema hapana, nakataa." Nikamuuliza, wewe unamtaka? Akatazama kucha zake.

Nikamwambia sitasema hapana. Nilitaka kumzaba kofi. Nikamsuka nywele.

Ijumaa, 15 Novemba
Wameleta pete. Nyumba imejaa. Bi Kishwar kanifuata jikoni, kanishika bega kama mama mzazi. Watu watauliza kwa nini mdogo ametangulia, kasema. "Tumewaambia wewe hutaki kuolewa, unapenda kazi yako. Ukiulizwa, sema hivyohivyo, mwanangu." Baba alikuwa mlangoni, kasikia kila neno. Akachukua trei ya chai, akaondoka.

Naandika nimesimama chumbani, komeo nimelitia. Gulnaz hataki kuvaa pete mpaka nije. Wananiita. Baba kabisha hodi mara mbili: "Nusrat, binti yangu, usituaibishe."

Sasa ni shangazi. Kaegemea mlango, sauti chini kabisa: "Nusrat, ni kweli wanavyosema? Hutaki kuolewa?"

Bado amesimama hapo.