Shati la Wahab

Wanale, Mbale
9 Machi 1997

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Mguu wako unaendeleaje tangu mvua zianze? Mimi nipo. Nakula, nalala.

Nakuandikia usije ukasikia kwa watu. Jumanne alikuja Romano, yule msimamizi wa stoo ya kahawa alikofanya kazi marehemu Wahab, na walinzi wawili. Walisema magunia yamepotea, huenda marehemu aliyaficha kwake. Karatasi ya kuwaruhusu kupekua hawakuwa nayo. Mama mkwe akawaambia kuna mjane ndani, yuko eda, mwanamume asiye ndugu haruhusiwi kumwona. Wakampita.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, kichwa wazi. Wakageuza godoro. Chini yake palikuwa na shati la Wahab, lile alilovaa siku ya mwisho kazini. Sijalifua. Ndilo ninalolalia. Mlinzi mmoja aliliinua kwa ncha ya fimbo, wakacheka, wakalitupa, wakaenda zao. Magunia hayakuwapo.

Hakuna kilichovunjika.

Binti yako,
Zahara

---

Walukuba, Jinja
16 Machi 1997

Binti yangu Zahara,

Pokea salamu zangu na za mguu wangu, ambao unaishinda miguu ya vijana wa siku hizi. Barua hii nimeandika mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Kama herufi zimelala, wewe zisimamishe.

Huyo Romano hajui aliingia kwa binti wa nani. Mimi Asadu nilikuwa dereva wa jeshi tangu wakati wa Mwingereza, nimewaendesha makanali. Kambini kwetu hata afande mwenye nyota alisimama nje akakohoa kwanza. Miaka ile mibaya ilipokuja, askari waliingia nyumba za watu kama wanaingia sokoni, na watu wakanyamaza. Sasa kuna katiba mpya. Nimeisikia kwenye redio kwa masikio haya. Inasema nyumba ya mtu haipekuliwi hivi hivi, na ukipekuliwa hivyo unakwenda kortini.

Basi tunakwenda. Jitayarishe.

Babako,
Asadu

---

Wanale
24 Machi 1997

Baba,

Waalaykum salaam. Nimefurahi mguu ni mzima. Huku mvua imezidi, mlima hatuuoni. Mimi nipo.

Korti sitaki. Nikiwashtaki nitaulizwa waliona nini. Nitasema mbele ya watu nisiowajua, nao watakwenda nayo nyumbani kwao, watakula nayo chakula cha jioni. Sasa hivi walioniona ni watatu. Kortini wataniona wote.

Niache tu, Baba.

Binti yako,
Zahara

---

Walukuba
20 Mei 1997

Mama,

Natumaini uko na afya. Mimi wananiuliza hapa mtaani nakula nini, sizeeki.

Umesema hutaki. Nimesikia, sijakubali. Nimekwenda kwa wakili mjini, binti mmoja anaitwa Racheal. Hajafika miaka thelathini lakini akisema, meza inatetemeka. Nikamwambia mwenye shida hataki kuja. Akasema, "Mzee, katiba inamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa ajili ya haki ya mwingine. Lakini ni vizuri yeye akubali." Hiyo ya pili nimeiacha mezani kwake. Haki yenyewe yeye anaiita faragha. Mimi naiita mlango.

Wewe maliza eda yako, usitoke. Nitasimama mimi. Ijumaa nakuja kuchukua ile shati, jaji aione kwa macho. Ni ya siku moja tu.

Babako,
Asadu

---

Wanale
2 Septemba 1997

Baba,

Salaam. Mguu wako? Mimi nipo. Eda ilikwisha Juni. Nimetoka mara chache.

Shati ulilichukua Mei ukasema siku moja. Liko wapi? Naomba unijibu hilo. Silali vizuri.

Binti yako,
Zahara

---

Walukuba
23 Novemba 1997

Binti yangu,

Nakusalimu, na pole kwa kichwa. Nilipobisha kwako Jumatano jioni ukaniambia kinauma, nikarudi kulala kwa rafiki yangu Zubairi, kwa hiyo nakuandikia uliyokosa.

Korti ya Mbale ilijaa mpaka dirishani. Nilivaa koti na medali. Jaji, mtu mpole, akaniambia, "Mzee, haya ni mambo ya chumbani. Naweza kuwatoa watu, tusikilize tukiwa wachache. Unataka?" Racheal akanivuta mkono. Nikasema, "Mheshimiwa, wabaki. Aliyetenda ndiye aone haya." Nikasema yote. Mkeka, kichwa wazi, godoro, na shati unayolalia. Mwanamke mmoja alilia. Sijawahi kusema vizuri namna ile.

Kisha Romano akasimama. Wakamwonyesha shati. Akasema, "Hilo? Hilo ni tambara chafu, linanuka. Tulilishika kwa fimbo tusijichafue." Watu wakacheka, Zahara. Hata yule aliyelia alicheka. Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Mkwe wangu mimi, mchafu? Nilitaka kumrukia, karani akanishika kiuno.

Shati imebandikwa kibandiko cha ushahidi, inakaa kwa karani mpaka hukumu.

Babako,
Asadu

---

Wanale
6 Desemba 1997

Baba,

Salaam. Natumaini baridi ya asubuhi haijagusa mguu. Mimi nipo.

Kwenye bomba wanawake wananipisha nichote kwanza. Zamani tulikuwa tunagombana, wananisukuma, nawasukuma. Sasa wananiangalia kichwani, kwenye kitambaa, kisha wanaangalia chini. Nafuna, jirani yangu, mumewe alikuwapo kortini. Aliniambia jaji alitaka kuwatoa watu, wewe ukakataa.

Sijakasirika. Nimetafuta hasira sikuiona.

Naomba jambo moja. Hukumu ikitoka, tukishinda tusishinde, nirudishie shati kama lilivyo. Usiniletee kitu kingine.

Binti yako,
Zahara

---

Walukuba
3 Machi 1998

Binti yangu Zahara,

Salamu za mshindi kwa binti wa mshindi. Mguu leo hauna habari.

Tumeshinda. Jaji amesema Romano na tajiri wake walivunja katiba. Amesema hata nyumba ya chumba kimoja ina mlango, na mlango una sheria. Maneno ya mlango ni yangu, aliyachukua kwangu, lakini sikudai. Watakulipa fidia na Romano ataleta barua ya radhi kwa mkono wake. Racheal anasema mawakili wengine watakuja kuisoma kesi hii. Kesi ya Asadu. Mtaani hapa wananiita Jaji.

Sasa shati. Karani amenipa. Uliandika nirudishe kama ilivyo. Nikaikunjua, nikaiangalia, nikakumbuka neno la Romano. Nikasema hapana, binti yangu hatarudishiwa tambara. Sikumpa dobi. Nimeifua mwenyewe kwa sabuni ya mche, maji matatu, mpaka maji ya mwisho yakatoka meupe kama ya kunywa. Nimeianika juani, nimeipiga pasi ya mkaa kama tulivyofundishwa jeshini, kola inasimama yenyewe. Iweke puani. Hakuna mtu tena duniani atakayesema Wahab alinuka.

Kirunda, dereva wa basi, anakuletea. Andika upesi uniambie umefurahi namna gani.

Babako,
Asadu

---

Wanale
15 Machi 1998

Baba,

Assalamu alaykum. Mguu wako haujambo? Mimi nipo.

Kirunda amefika. Shati limefika. Umelinyoosha vizuri. Nililiweka puani kama ulivyosema, nikasikia sabuni. Nimempa mume wa Nafuna, limemkaa sawa mabegani.

Jana Romano alileta barua ya radhi. Hakuingia. Alibisha hodi, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama uani ameshika kofia, akitazama pembeni. Mama mkwe alisema hajawahi kuona heshima kama ile. Kwa hiyo kesi yako imefanya kazi, Baba.

Alisimama muda mrefu. Mwishowe nikamwambia aingie tu, ndani hakuna kitu.

Binti yako,
Zahara