Prosesa Uliyonikabidhi Mbele ya Mama

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa, na hilo halifutiki. Mengine yote nimeyaandika nikiwa na hasira, na sitaki uyasome kama deko la mdogo wako. Simu hupokei. Ujumbe unausoma na hujibu. Basi nimeona niandike hapa hadharani, hata wenzetu wa kazi hii wasome, maana wengi wao wananunua prosesa kwako.

Unakikumbuka kibanda chetu cha Kilosa mjini, kule upande wa stesheni? Tulikuwa tunahariri video za harusi kwa kompyuta iliyokuwa ikihema tangu asubuhi, bibi harusi anapata mtoto kabla hajaiona sherehe yake. Wewe ndiye uliyesema prosesa mpya za dukani, hizo bongo za kompyuta, hatuziwezi kwa bei, tutafute za seva zilizotumika, zile ambazo makampuni ya nje yanazing'oa kwenye mashine zao yakishanunua nyingine. Sikuelewa tofauti. Ukanieleza kwa mambo ya nyumbani: prosesa ya dukani ina vibarua wachache wenye haraka, ya seva ina vibarua wengi wanaolima polepole. "Video ni shamba kubwa," ulisema, "hapo wengi ndio wanaotufaa." Kisha ukanionya kwamba vibarua wengi wanakula sana, na chakula chao ni umeme. Prosesa unailipia mara moja, LUKU unanunua kila wiki. Nilikupenda siku hiyo kwa jinsi ulivyokuwa na subira na mimi.

Tukaenda Kariakoo pamoja. Muuzaji alikuwa mtu mzima, akatuita wanangu, akatuapia kwamba kitu ni kizima tuchukue tuwahi basi. Wewe ukavuta stuli ukakaa. Ukamwambia kwa adabu, "Mzee, iweke kwenye mashine, uipe kazi nzito, tuisubiri ipate joto." Alinuna. Ya kwanza ilianza vizuri, ikapata joto, kasi ikaporomoka. Ukamrudishia. Ya pili ikazimika kabisa. Mimi nilikuwa nakuvuta shati kwa aibu, watu wanatutazama. Hukuinuka mpaka ilipopatikana iliyokaa imara muda wote, na bei ukaipunguza vilevile. Kwenye basi ukaniambia, "Ukiona aibu kupima, utakuja kuona aibu mbele ya wateja."

Hiyo ndiyo prosesa iliyotutoa. Ulipohamia Dar es Salaam kuziuza mwenyewe, nilihamisha mashine nikafungua studio yangu Mikumi, na kila aliyesifu kazi yangu nilimwambia nimefundishwa na kaka. Nilikuwa najidai, kusema kweli. Wengine wana kaka wa kuwakopa tu.

Ikaja kazi ya kwaya. Unaijua kwaya yetu ya kanisani, wale akina mama wanaokuja kuimba hata wakiwa na homa. Waliuza ufuta wao wakarekodi albamu nzima, nyimbo zote na video zake, wakaniletea mimi. Mashine ya zamani isingeiweza kwa muda uliobaki kabla ya uzinduzi. Nikakupigia. Ukasema unayo prosesa ya kisasa zaidi, inaingia kwenye ubao uleule wa mashine yangu, kasi karibu mara mbili, umeme inakula kidogo, na kwa kuwa ni mimi utanifanyia bei ya ndugu. Nilipiga hesabu zote ulizonifundisha: bei, kasi, umeme. Zote zilikubali.

Tulikutana Munisagara kwa mama. Alikuwa amepika ugali na kuku, amefurahi kutuona wote wawili kwenye mkeka mmoja. Ulipomaliza kula ukatoa kiboksi mfukoni. Prosesa ilikuwa imeshapakwa grisi ya kupoozea juu yake, nyeupe pe. "Nimeshakupakia kabisa," ulisema, "wewe ufike uweke feni tu." Mama akaniangalia. "Mshukuru kaka yako." Nikapiga goti nikaipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikakupa hela yako.

Sasa niambie, ningesema nini pale? Kwamba kaka, twende kwanza Mikumi tukaiwashe, nisubiri ipate joto ndipo nikulipe? Mbele ya mama? Ungeniitaje, na mama angeniitaje? Kariakoo tulimpima mzee asiyetujua na hakuna aliyekufa. Wewe sikukupima kwa sababu nyumbani kwetu mdogo hampimi mkubwa wake, na hilo ulilijua kabla hujapanda basi. Ndiyo maana hukuniletea studio. Ulinipa mahali pekee ambapo nisingeweza kuuliza.

Kwa kazi ndogo ilikwenda. Nilipoiwekea video za kwaya, ilifanya kazi kidogo ikaganda. Nikabadilisha feni. Ikaganda. Nikabadilisha kumbukumbu za mashine, nikafungua madirisha, nikasubiri baridi ya alfajiri. Ikaganda palepale. Mwisho nikaing'oa, nikaifuta ile grisi yako kwa kitambaa na spiriti. Chini yake hakukuwa na jina la prosesa uliyoniambia. Kulikuwa na maandishi ya kiwanda kwamba hii ni sampuli ya majaribio, zile zinazotengenezwa kabla kasoro hazijarekebishwa, ambazo hata kuuzwa haziruhusiwi. Wewe kazi yako ni hii, kaka. Maandishi yale unayasoma hata ukiwa na usingizi. Uliyafunika.

Nilikupigia, ukapokea, mara yako ya mwisho kupokea. Nilikuamkia kwanza. Ukaitikia marahaba. Nikakueleza. Ukauliza, "Kwani hukuipima?"

Sijawahi kutukanwa hivyo.

Siku ya uzinduzi shuka jeupe lilikuwa limetundikwa ukutani kanisani, wageni wametoka mpaka Berega. Nilisimama nikasema video haijawa tayari. Hakuna aliyenifokea, na ingekuwa nafuu wangefoka. Mwalimu wa kwaya alinifuata nje akasema, "Dada, sisi tulikuja kwako kwa sababu tunakufahamu." Akaomba picha zake zote nimwekee kwenye diski, akazipeleka kwa mtu wa Morogoro asiyemfahamu. Tangu hapo wa kanisani hawaji tena studio. Wananisalimia vizuri sana, lakini hawaji.

Nimenunua nyingine kwa kijana mmoja wa Morogoro ambaye hata ukoo wake siujui. Ni ya toleo la nyuma, kasi yake ndogo kuliko uliyoniahidi, umeme inakula. Lakini nilikaa nikaipima mpaka nikachoka, na akaniagizia soda. Inafanya kazi mpaka leo. Mchana naiangalia inavyokwenda, na badala ya kufurahi napata uchungu, kwa sababu yule asiyenijua ndiye aliyenitendea kama ulivyonifundisha.

Sasa mama ameniambia umetuma salamu kupitia kwake. Kwamba umepata prosesa nzuri kweli safari hii, unataka kunipa kwa nusu bei, tuyamalize kindugu, na nije Munisagara kuipokea. Mama analia, anataka tukae tena kwenye mkeka wake.

Munisagara siji. Njoo wewe, huku Mikumi, na umlete mama. Nitakuamkia mlangoni, nitakupa chai, nitakupa kiti anachokalia mteja. Nitaifuta prosesa yako niisome mbele yako, niiweke kwenye mashine, niipe kazi nzito, nisubiri ipate joto wewe ukiwa umekaa unanitazama. Inawezekana ikawa nzima, na nitakulipa. Lakini nitakuwa nimeshakupima, kaka, mama akiona, na baada ya hapo utakuwa muuzaji wangu kama wauzaji wengine.

Msalimie wifi na watoto.

Mdogo wako, wa tumbo moja.