Bawa la Gari la Njano

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mwanamume, miaka 79, maarufu kwa jina la Mwalimu Spana
Kazi: Mwalimu mstaafu wa ufundi wa magari
Makazi: Chumba cha uani, nyumbani kwa binti yake, nyuma ya soko la mbao
Yameandikwa: Kituoni, saa tatu na dakika ishirini asubuhi

Nimekuja kusema jambo nililolificha kwa miaka mitatu. Bawa lililomuua muuguzi pale njia panda halikung'oka kwa sababu ya ubaya wake. Mahakamani nilisema hivyo, na sikusema kweli. Daktari ameniambia ini langu limechoka, nisihesabu miezi. Akili zangu ni timamu na sikulazimishwa na mtu.

Fundi aliyefungwa miaka sita kwa kosa hilo ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, nami humwita mtoto wangu. Kazi nilimfundisha mimi. Gereji ilikuwa yake. Mimi nilikwenda kila siku kukalia kiti cha basi kilichong'olewa, kusoma gazeti na kukosoa.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa tatu, mwaka wa tukio, yapata saa nne asubuhi, mkandarasi mmoja tuliyezoea kumwita Mkubwa alileta gari lake la kifahari, la milango miwili, injini nyuma. Lilipotoka kiwandani lilikuwa la kijivu, zuri la kunyamazisha watu. Yeye alikwisha kulipaka njano ya ndoo ya plastiki na kulifunga taa za buluu tumboni. Siku hiyo alileta bawa la nyuma, lile pambo la kufungwa mgongoni mwa gari, refu kuliko kitanda changu.

Nikamwambia, "Mkubwa, gari hili lilizaliwa limekamilika. Unalivika kofia juu ya kilemba."

Akasema, "Mzee, gari langu, macho yako. Fumba."

"Afadhali mkeo atapata pa kuanikia nguo."

Mafundi wa jirani wakacheka. Mkubwa hakucheka. Akasema, "Huo ni wivu. Nasikia gari lako la mwisho mlango ulifungwa kwa kamba."

Wakacheka tena, mara hii zaidi. Mtoto wangu akaingilia kati. "Baba mkubwa, yaache. Mpishi hampangii mlaji chumvi."

Nikamjibu kwamba mpishi mwenye heshima anajua chakula gani kimeharibika. Tulibishana hivyo hadi adhuhuri. Kusema kweli, bawa lenyewe lilikuwa imara. Nililikagua kwa mikono yangu nikitafuta kasoro, sikuiona. Lilikuwa baya tu.

Saa nane mchana kazi ilianza. Bawa lilishikwa na bolti nne. Naomba afisa aandike utaratibu wetu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuanzisha. Bolti inakazwa kwa spana ya kipimo, ambayo nguvu ikitosha hulia "ka". Aliye chini anayeshika nati akiisikia hujibu, "Imeingia." Hapo aliyekaza huchora mstari wa rangi nyeupe juu ya bolti. Palipo na mstari haparudiwi.

Mtoto wangu alikaza tatu. Ya nne ilikuwa pembeni, ikabidi yeye ajipenyeze chini kushika nati, na juu akae mtu mwingine. Mkubwa akanitazama. "Haya, Mzee. Mdomo unao. Mkono je?"

Nikavua koti nikaichukua spana.

Saa tisa na nusu gari liliondoka. Kabla ya saa kumi, pale njia panda, bawa lilichomoka upande wa bolti ya nne, likageuka na kung'oa nyingine. Lilimpata muuguzi aliyekuwa akisubiri kuvuka, anakwenda zamu. Alifia palepale. Viatu vyake vyeupe nilivionyeshwa mahakamani.

Niliitwa kama mtaalamu. Nilisema bawa lile lilikuwa pambo la kijinga, upepo umeling'oa, na fundi mwenye akili angelikataa. Hakimu alinishukuru kwa elimu yangu. Alipoulizwa nani alikaza, mtoto wangu alijibu, "Zote nne nilikaza mimi." Hakunitazama. Mkubwa, aliyeniona na spana, hilo hakuulizwa. Nami nilibaki nimeshika fimbo yangu.

Nimekwenda gerezani mara moja tu. Aliniambia, "Baba mkubwa, usijitese. Ile yako niliisikia ikilia. Chuma ndicho kilichotusaliti. Ningekutaja ya nini, uzee huu?" Kisha akaniuliza kama ninakula vizuri. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo yake nilikuwa mimi.

Sasa naeleza lililobaki. Nilivuta spana mara tatu. Mkono wangu ulitetemeka, nguvu ikaniishia katikati. Mkubwa alikuwa amesimama kando yangu akitabasamu. Nikainama kama ninayeangalia bolti kwa karibu, nikachora mstari mweupe. Spana haikulia. Ile "ka" aliyoisikia mtoto wangu niliipiga kwa ulimi.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maoni ya afisa: Nimeyaandika kama yalivyotamkwa. Shahidi alishika kalamu kwa taabu kwa kutetemeka. Nilimpa wino wa dole gumba, akakataa. Alisaini mwenyewe, kwa dakika kumi na moja.