Foleni ya Chupa

Amalemba, Kakamega

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Mguu wako unasemaje siku hizi? Mwakio, ndugu yangu, ukimsomea mama barua hii usiruke mahali, hata akiguna.

Sisi tu hai, ila mwanangu Shikuku alishikwa na kifua. Alipumua kama msumeno unaokata gogo, na ziwa akalikataa. Nikamfunga mgongoni, nikaenda naye dispensari alfajiri. Tangu tupate uhuru matibabu ni bure, lakini chupa ya dawa unakuja nayo mwenyewe. Wanawake wa huku huzipanga chini, moja nyuma ya nyingine, wao wakakae kivulini. Chupa ndiyo inakushikia foleni. Yangu ilikuwa ya pili.

Mara gari likamleta mke wa mkubwa mmoja wa ofisini, na mtoto anayekohoa kidogo tu. Dresa, yule anayedunga sindano, akaisukuma chupa yangu kwa kiatu.

"Wewe wa pwani, ngoja. Huyu ni bibi ya mkubwa."

"Si mlisema ni bure kwa wote?"

"Bure ni bure, lakini watu si sawa."

"Basi ile bendera mlimpandishia nani?"

Akasema kama nataka makelele nirudi Voi nikatibiwe kwetu. Mama, niliirudisha chupa mahali pake, nikasimama mlangoni.

Mama mmoja wa Mumias akacheka. "Kumbe watu wa pwani mnajuanga kukasirika? Mimi nilidhani mnaimbanga tu." Akaleta chupa yake kizingitini. Wengine nao wakaleta. Mlango ukajaa chupa. Wa kupita lazima azipige teke, na dresa hakuthubutu. Yule mama wa gari akamtuma dereva atafute chupa. Ikawekwa mwisho.

Shikuku alidungwa. Leo amenyonya, akalala.

Baba yake anaogopa wakubwa wataniandama, na yeye pia wamwandame kazini. Nawe ulinionya kwamba mgeni hujishusha. Nimejishusha kwa mama mkwe, kwa majirani, hata jikoni kwangu. Kwa pumzi ya mwanangu sijishushi. Dresa ameniambia asiione tena sura yangu pale. Sindano ya pili ni kesho. Nitakwenda.

Nisalimie shangazi anayekuchotea maji, na mjomba fundi wa cherehani.

Mimi bintiyo, niliye mbali kwa miguu tu,

Mghoi