Kishindo cha Dakika ya Sita

4 Machi
Dada, shikamoo.
Za huko? Cherehani bado inakulisha? Mimi mzima, ila kazi imenikwamia. Nina wimbo mzuri lakini ngoma zake zimechakaa, kila mtayarishaji anazo hizohizo. Nataka mlio ambao hakuna mwingine anao. Hebu iache simu irekodi hapo nyumbani: mlango, ndoo, chochote kinachogongwa. Shemeji mwambie zile karata alinifunga kwa wizi.
Mdogo wako

11 Machi
Marahaba, mdogo wangu.
Mimi nipo tu. Nimekutumia, dakika tisa. Simu niliificha chini ya vitambaa. Tafadhali sikiliza yote, usirukeruke. Siandiki mengi, simu hii tunaisoma wawili.
Dada yako

29 Machi
Dada, shikamoo.
Hujambo? Mimi hata kukaa siwezi kwa furaha. Dakika ya sita kuna kishindo, we dada, ulidondosha nini, gunia la mchanga? Kizito, kikavu, kinakaa kifuani. Ndiyo ngoma yangu kubwa sasa. Zote tisa sikusikiliza, nisikudanganye. Sisi tunaangalia mawimbi kwenye skrini, palipopanda ndipo tunapokata. Wimbo umetoka Ijumaa, unapigwa kila kona.
Mdogo wako

2 Mei
Mdogo wangu,
U mzima? Mimi nahesabu mbavu zilizobaki. Karatasi hii nimepewa na askari, niko mahabusu.

Kile kishindo ni mgongo wangu. Shemeji yako alinibamiza kwenye kabati. Nilikutumia nikijua utasikia, nikawa nasubiri uje. Badala yake ukaja wimbo, na yeye akaupenda. Alikuwa anaufungulia sauti ya juu majirani wasinisikie, ananipiga akifuata mdundo, ukiisha anaurudisha mwanzo.

Jumamosi nilikuwa napiga pasi. Nilimpiga nayo usoni, mara mbili, na ya tatu alikuwa ameshaanguka. Amekufa. Simu yangu alishaivunja zamani. Wakili anasema bila ushahidi kwamba alikuwa ananipiga, nitahukumiwa kama muuaji. Leta dakika zote tisa, upesi.
Dada yako

15 Mei
Dada yangu,
Hali yako naijua, naona aibu kuiuliza. Nimepekua simu na kompyuta, nimempelekea fundi, ameshindwa. Nikishakata ninachokitaka, kinachobaki huwa nafuta nipate nafasi. Nimebaki na nusu sekunde. Nimempigia wakili wako aisikie, akasema hata mlango unalia hivyo.

Kuna jambo sikukuambia. Baada ya kile kishindo kulikuwa na mwanamke analia. Nilimsikia, dada. Nilidhani ni tamthilia kwenye televisheni, nikakata kabla hajavuta pumzi, kwa sababu alikuwa ananiharibia ngoma. Siku ya kesi nitasimama niyaseme haya mbele ya hakimu, hata kama hayatasaidia. Unichukie ukitaka, ila usikatae nikija kukuona.
Mdogo wako