Katupe kwa Hezron

Mpika, 14 Januari 2024

Mwanangu Lugano,

Ugonile, binti yangu, umelalaje? Mimi mzima, ila masikio yamezidi kuziba, ndiyo maana uliponipigia simu Krismasi niliishia kuitikia "eh, eh" kama mjinga. Barua inanifaa zaidi. Hii ataileta Samson na lori lake. Baridi ya huko inawaachia? Na magoti ya mama yako?

Samson ameniambia kuwa mmeunda kikundi cha kusafisha senta ya Ikubwe, kuwa katibu ni wewe, na kuwa mnapanda maua kando ya ziwa ili wageni wanaokuja Jumapili kutoka Mbeya wapate pa kukaa. Nimefurahi mno. Nilikuja huku Zambia kufanya kazi kwenye karakana ya reli ndevu zikiwa ndiyo kwanza zinaota, na tangu hapo nimeliona ziwa letu kwenye misiba tu. Lakini nipe karatasi nitakuchorea kila jiwe la kuchotea maji. Wageni husema maji yale ni ya bluu. Si kweli. Ni ya kijani, kijani cha jani la mgomba ukilitazama kwa chini, jua likiwa juu yake.

Sasa, Samson ametaja pia jalala kubwa kwenye njia ya kushukia ziwani. Nikamuuliza ni kiwanja cha nani. Akasema, "Mzee, muulize mwanao." Nakuuliza. Ni nani huyo asiye na haya? Niandikie jina lake, nami nitamwandikia barua ambayo ataisoma akiwa amesimama. Mimi nitarudi kujenga kwenye kiwanja changu, na sitaki uzee wangu uishe nikinusa takataka za jirani.

Baba yako mdogo,
Hezron


Ikubwe, 2 Februari 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka dizeli, lakini imefika. Sisi wazima. Magoti ya mama ni yaleyale, anasema yanatabiri mvua kuliko redio.

Umeuliza jina. Nimeiweka kalamu chini mara kadhaa kabla ya kuandika hili. Jalala liko kwenye kiwanja chako.

Siku ile baada ya msiba wa bibi ulisimama mbele ya ukoo ukasema kisiguswe mpaka utakaporudi. Basi hakuna aliyekigusa. Migomba aliyokupandia babu ikazeeka, ikalala chini, na hakuna aliyethubutu kuchomeka hata chipukizi. Nawe unajua huku kwetu ilivyo: penye migomba ni kwa mtu. Hakuna mtu wa Ikubwe atakayetupa hata ganda la muwa chini ya migomba ya mwenzake, maana ule ni ua wake, unafagiwa kila asubuhi. Pasipo migomba ni pori. Mmoja alianza na kiatu kibovu, wengine wakafuata.

Tena usafi wenyewe ndio umezidisha. Mtendaji wetu wa kijiji, Alfred, si mtu wa huku, amehamishiwa tu, na anachotaka ni barabara iwe safi wakubwa wake wakipita. Kila Jumamosi watu wanafagia senta nzima wakiimba. Wakimaliza mmoja anauliza, "Tupeleke wapi?" na wote kwa sauti moja: "Kwa Hezron!"

Nisamehe, Baba. Ni bora ulisikie kwangu. Mtoto akivunja sahani mama yake anamwambia, "Katupe kwa Hezron." Watoto wa huku hawajui kama Hezron ni mtu.

Mvua ikinyesha vyote vinateremka ziwani, chupa, pampasi, mifuko, na vinapita juu ya maua yetu.

Mwanao,
Lugano


Mpika, 25 Februari 2024

Lugano,

Nawasalimu wote. Salamu ni fupi kwa sababu hasira imechukua nafasi yake.

Nimefanya kazi mpaka kustaafu bila kuitwa ofisini kwa kosa hata moja. Kanisani huku wananipa funguo. Na kumbe kwetu jina langu ni la mahali pa kumwagia pampasi!

Samson anakuletea bango. Nimelipaka rangi mwenyewe kwenye bati: USITUPE TAKA HAPA. KIWANJA HIKI KINA MWENYEWE. Lisimamishe juu ya njia. Pili, panda masale kuzunguka kiwanja chote. Masale ni mpaka, hata mlevi anayaheshimu. Tatu, mwambie huyo Alfred kwamba usafi si kuhamisha uchafu kutoka mbele ya macho yake kwenda nyuma ya mgongo wa mtu asiyekuwepo.

Baba yako mdogo,
Hezron


Ikubwe, 3 Aprili 2024

Baba mdogo,

Shikamoo, na pole kwa hasira. Huku afya si mbaya, mafua tu ya msimu.

Bango tulilisimamisha. Ambindwile, yule mjane anayekaanga samaki na maandazi juu ya njia, alilichukua akakingia moto wake upepo. Nilimfuata nikiwaka.

"Mama Ambindwile, hilo ni bango la baba yangu!"

"Kwani nimelificha? Maandishi nimeyageuzia nje. Wateja wangu wote wanalisoma."

Na kweli wanalisoma. Wanakula andazi, wanasoma, wanakwenda kutupa karatasi kulekule.

Masale ndiyo yameniumiza. Tulipanda mstari mzuri, mimi, Neema na wenzetu wa kikundi. Kabla hata hayajashika, senta nzima ikavuma kuwa Hezron wa Zambia anafunga njia ya maji. Mzee Jairo akaja na fimbo yake. "Huyu hajaonekana toka zamani, leo anatupimia mipaka? Aje apime mwenyewe!" Wakayang'oa yote. Na unajua walikoyatupa.

Baba, nina ombi, na ukoo umekubali nikuombe. Ambindwile amepanga chumba kibovu pale senta. Mpe kiwanja ajenge, apande migomba. Akikaa mtu pale hakuna atakayetupa. Yeye mwenyewe ndiye mtupaji mkubwa, najua, lakini hatatupa mlangoni kwake. Hatuna njia nyingine, tumekwisha kuzijaribu zote.

Mwanao,
Lugano


Mpika, 28 Aprili 2024

Lugano,

Natumaini mafua yamepita.

Hapana.

Kiwanja kile alinipa baba yangu kwa mkono wake. Watu wakiniuliza huku, "Mzee, kwenu wapi?" nina mahali pa kuonyesha. Ukinipokonya hicho, unataka niwajibu nini? Tena umpe mkaanga samaki anayekingia moto kwa bango langu!

Fanyeni kazi. Kikundi kizima kinashindwa na lundo moja?

Hezron


Ikubwe, 19 Mei 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama anakusalimu.

Mvua ya juzi imeteremsha lundo lote. Liliteleza kama uji, likafunika viti tulivyopigilia, maua, na mawe ya kuchotea maji, yale unayoweza kuyachora. Ziwa lako la kijani sasa lina ukingo mweupe wa chupa. Jumapili walikuja wageni, wakapiga picha moja, wakaondoka. Neema amejitoa kwenye kikundi. Asajile naye amejitoa. Alfred amenilaumu mimi mbele ya watu, na watu wakacheka, maana mimi ni mtoto wa kwa Hezron.

Nimechoka, Baba. Nachota taka kwa mikono yangu kulinda heshima ya mtu ambaye kila mwaka anakuja mwaka ujao. Sitakuomba tena kiwanja. Nakuuliza jambo moja tu, nalo lina jibu la neno moja.

Unarudi, au hurudi?

Lugano


Mpika, 30 Septemba 2024

Mwanangu Lugano,

Ugonile, mama. Najua nimekaa kimya mno. Samson amepita hapa na kurudi mara nyingi, nami kila mara nilimwambia barua haijawa tayari. Sikuwa mgonjwa.

Barua yako ilinikasirisha mpaka nikafunga sanduku. Nikasema nitakuja kukujibu kwa miguu yangu, nisimame juu ya lile lundo watu wamwone Hezron ni nani. Nikapanda basi mpaka Nakonde. Pale mpakani kijana wa uhamiaji akaangalia karatasi zangu. Ilibidi aniulize mara mbili, kwa sababu ya masikio.

"Mzee, unarudi lini?"

"Jumanne," nikamjibu. "Kuna mtu nimemwachia kuku wangu."

Akagonga muhuri. Mimi nikabaki nimesimama, watu wa nyuma wananisukuma. Yeye aliuliza kuhusu Mpika, nami niliitikia bila hata kufikiri. Maisha yangu yote huku nimejiambia kuwa kurudi ni kuja Ikubwe. Nikakaa juu ya sanduku langu kati ya wauza mahindi mpaka jua likapungua. Halafu nikapanda basi la kurudi huku. Mke wangu amelala hapa. Kaburi lake nalifagia mimi.

Jibu lako, basi. Sirudi.

Lisome mbele ya ukoo, na Jairo awepo. Kiwanja ni cha Ambindwile, ajenge, apande. Njia ya maji asiifunge. Bango akiliona linafaa jikoni, abaki nalo. Mvua za Novemba zisiwapite, chipukizi zichukuliwe kwenye migomba ya kaka yangu, baba yako, maana mbegu yake ni ileile ya babu yako.

Uliniuliza kwa hasira, na ulikuwa na haki. Uliponiambia ukweli Februari, mimi nilikujibu kwa bango.

Baba yako mdogo,
Hezron


Ikubwe, 12 Januari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mbele yao. Nilipofika kwenye lile neno, Mzee Jairo alivua kofia yake.

Sitakudanganya kwamba Ikubwe imekuwa bustani. Taka sasa zinamwagwa nyuma ya soko, na Alfred anasema hilo si kosa lake. Kwenye kikundi tumebaki wachache, tunagombana kuhusu nani alipoteza reki. Chupa bado tunazitoa majini.

Lakini kwenye kiwanja tulichimba na kufukia mpaka mikono ikachubuka, na migomba imeshika. Ambindwile amejenga chumba kimoja na jiko. Juzi mtu alikuja na ndoo kwa mazoea. Ambindwile alitoka na mwiko mkononi. "Wewe! Unaona hapa pana nini? Hii ni migomba ama macho yako ndiyo yameota ukungu?" Yule mtu akarudi na ndoo yake imejaa. Wageni wamekaa kwenye viti Jumapili mbili sasa.

Jana nilimsikia Happy, jirani yangu, akimpa mtoto wake maganda. "Katupe kwa Hezron." Mtoto akasimama akamuuliza, "Kwa Hezron ni wapi?" Happy akafungua mdomo, akanitazama, akakosa la kusema. Nami nikakosa. Nimefurahi, halafu nikashindwa kula.

Mwanao,
Lugano


Mpika, 2 Februari 2025

Mwanangu,

Ugonile. Kula, tafadhali.

Mtoto wa Happy akiuliza tena, usikose la kusema. Kwa Hezron ni Mpika. Ukishavuka reli ni nyumba ya pili, ina kuku, ina migomba mitatu niliyoipanda baada ya kutoka Nakonde. Mwambie hapatupwi kitu. Nimefagia asubuhi hii.

Baba yako mdogo,
Hezron